Kilichobaki kwenye Sahani ya Jamleck

Katika nyumba ya Jamleck kule Mutuini, Dagoretti, chakula cha jioni hakikuisha mpaka Jamleck abakishe. Ndivyo alivyofanya marehemu baba yake, na bila shaka baba wa baba yake: mwanamume hafuti sahani. Anakula, anashiba, kisha anaacha tonge kando na kipande cha nyama juu yake, anamsukumia mtoto mdogo ambaye muda wote huo ameketi karibu na goti lake akisindikiza kila tonge kwa macho. Kwa sasa mtoto huyo alikuwa Kiragu, wa miaka mitatu, aliyepewa jina la babu yake, na ambaye nyanya yake, kwa sababu hiyo, alimwita "mume wangu" mbele za watu bila haya. Kiragu alikuwa ameshakula chake. Chake hakikuwa na maana. Utamu ulikuwa kwenye kile cha baba.

Kwa hivyo Naliaka, mke wa Jamleck, alipopakua, alipakulia watu wawili katika sahani moja: atakayekula na atakayebakishiwa. Ugali ulisimama katikati kama nyumba inayongojea mabati. Kando yake nyama ya kukaanga iliogelea, na sukuma wiki iliwekwa pembeni kwa adabu tu, kama mgeni ambaye hakualikwa lakini huwezi kumfukuza. Naliaka alikuwa Mbukusu, Mluhya wa Bungoma, aliyeishia darasa la nane, na alipoolewa na Mkikuyu, watu wa kwao walimpa onyo moja: huko atalishwa viazi. Akajihadhari. Tangu wakati huo Jamleck alikula ugali kama mtu wa Bungoma na viazi kama mtu wa Dagoretti, na vyote alivila jioni, kwa sababu mchana kutwa alikuwa nyuma ya usukani akinywa chai.

Jamleck alikuwa dereva wa ofisi moja katikati ya jiji. Hakuwa mtu wa maneno. Lakini Naliaka, ambaye aliwahi kumwona akipita Barabara ya Ngong na meneja wake kiti cha nyuma, alijua kwamba mumewe akishika usukani hata shingo yake hunyooka. Nyumbani alikuwa mtu wa kawaida wa Mutuini mwenye ng'ombe mmoja. Ndani ya gari alikuwa mtu ambaye barabara ilimwelewa.

Kila mwaka madereva wa ofisi hiyo walipimwa. Mwaka 2005, mvua za Aprili zilipoanza, daktari wa kampuni, mama mwembamba asiyechekacheka, alimfunga Jamleck kile kitambaa mkononi, akakipuliza kwa kimpira chake, akatazama mshale. Akapuliza tena, kana kwamba mashine ndiyo iliyokosea. Kisha akamwambia apande kwenye mizani, na baada ya hapo hakupuliza tena. Aliandika.

Jioni ile Naliaka alikuwa anasonga ugali wakati Jamleck alipokuja kusimama mlangoni mwa jikoni, mahali ambapo kwa kawaida hakusimama.

"Mama Cate," akasema, "nimeambiwa nipungue."

"Upungue wapi?"

"Kila mahali."

Naliaka akaacha mwiko ndani ya sufuria. Jamleck akaeleza yote kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani. Presha iko juu. Mwili ni mzito. Atarudi kupimwa mwezi wa nane, na ikiwa mshale utakuwa pale pale, atashushwa kwenye gari. Hawatamfuta kazi. Watamweka kwenye geti, awafungulie madereva wengine.

"Kwa geti," Naliaka akasema.

"Na kofia wanakupatia."

Wote wawili wakaiona hiyo kofia.

"Daktari alisema ule nini?"

"Alisema jioni ndiyo tunajimaliza. Na kipikwe chungu kimoja, nyumba yote ikule hiyo hiyo, juu ukinipikia peke yangu kama mgonjwa sitamaliza wiki."

"Sawa. Lakini kipikwe nini?"

"Hakusema. Alisema kidogo."

Naliaka alifikiria hilo. Alijua mapishi mengi, na hakuna hata moja lililoitwa kidogo.

"Kitu ingine," Jamleck akasema, akitazama ua uliotenganisha nyumba yao na ya mama yake. "Mama asijue."

Hapo Naliaka hakuuliza kwa nini. Mzee Kiragu, baba yake Jamleck, alianguka kando ya hori la ng'ombe akiwa na mzigo wa majani begani, na hospitali walipoulizwa walisema presha. Tangu siku hiyo mama mkwe, Wanjira, alilisikia neno hilo kama watu wengine wanavyosikia neno jeneza. Akijua mwanawe ana presha, ataugua yeye kwanza, na ataugua kwa sauti.

Kesho yake Naliaka alipika kidogo. Alichemsha kabeji kwa maji na chumvi, akasonga ugali unaotosha kiganja. Cate, binti yao wa darasa la kwanza, alitazama sahani yake akauliza kama kuna mgonjwa. Jamleck alikula. Kiragu alingoja gotini. Jamleck akatazama sahani, akamtazama mtoto, akatazama tonge moja lililobaki, ambalo kusema kweli lilikuwa chakula chenyewe. Akambakishia. Kisha akasimama, akasema anaenda kumwangalia ng'ombe.

Zizi lilikuwa upande wa nyumba ya mama yake. Jamleck aliporudi midomo iling'aa.

"Ng'ombe ni mzima?" Naliaka akauliza.

"Ni mzima."

"Siku hizi ananukia kitunguu."

Jamleck alipangusa mdomo akaenda kulala.

Mwingine angegomba. Naliaka hakugomba, alitazama. Alimtazama mumewe jioni kadhaa kama mtu anavyotazama sufuria ya maziwa, na akaona kwamba halikuwa tumbo peke yake lililompeleka kwa ng'ombe. Ilikuwa sahani. Sahani ndogo ilimwambia Jamleck kwamba yeye ni mgonjwa, au mtoto, au mtu aliyechokwa, na zaidi ya hayo ilimnyima cha kubakisha. Mwanamume asiyekuwa na cha kubakisha anakula kama mpangaji. Basi sahani haikutakiwa kupungua. Ilitakiwa kubaki na kimo chake kile kile, lakini kilichomo ndani kibadilishane viti: mgeni asiyealikwa akae katikati, na mwenye nyumba asogee pembeni.

Akaanza na supu. Alinunua mifupa na matumbo sokoni Dagoretti, akayachemsha asubuhi na tangawizi, akayaacha yapoe mchana kutwa. Mafuta yakaganda juu kama barafu, naye akayaondoa kwa kijiko, yote. Jamleck akiingia tu jioni, kabla hajavua viatu, alipewa kikombe cha supu ya moto chenye dhania na ndimu. Alikinywa taratibu akisikiliza habari kwenye redio. Habari zilipoisha, ile njaa ya kutoka mjini, ambayo huingia nyumbani ikitangulia mwenyewe, ilikuwa imeketi.

Kisha mboga. Kando ya ua alipanda terere, managu, kunde na malenge, kwa sababu malenge humpa mtu majani leo na tunda kesho. Alijifunza kukaanga vitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta na uvumilivu: vikianza kushika, anarusha maji kidogo, vinalainika, vinaanza tena, mpaka vinageuka rangi ya chai na nyanya zikiingia zinayeyuka zenyewe. Hapo hata kunde zinapata kiburi. Akiba ya mboga ilipanda jikoni mpaka sufuria kubwa, ile ya Krismasi, ikawa ya kila siku.

Ugali aliubadilisha unga. Wa wimbi na mtama, mweusi, mzito, kama wa kwao Bungoma, ambao mtu hula nusu ya ule mweupe na kujisikia amebeba gunia. Githeri yake ikawa maharagwe mengi na mahindi machache, na karoti na kabeji zilizoingizwa mwishoni zikiwa bado zinalia menoni. Malenge alichemsha pamoja na maharagwe mpaka mchuzi ukawa mzito bila kitu kingine. Nyama haikufukuzwa. Ilikatwa vidogo vidogo, ikatawanywa, kila mtu akaipata kila mahali na hakuna aliyejua ni kiasi gani. Chapati za Jumapili zilipakwa mafuta kwa kidole.

Jioni ya kwanza ya sahani mpya, Jamleck aliitazama. Kilikuwa kilima kile kile, ila cha kijani. Alikula. Akala. Katikati akapumzika, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwishowe akasukuma pembeni tonge jeusi lenye kipande cha tumbo juu, Kiragu akaliondoa, na Jamleck akaketi akipapasa goti lake.

"Huendi kuona ng'ombe?" Naliaka akauliza.

"Si nilimwona asubuhi."

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza kwenda vizuri, na yalipoanza kwenda vizuri ndipo yakaharibika.

Kufikia mwezi wa sita mshipi wa Jamleck ulikuwa umetobolewa mashimo mapya kwa msumari. Shati la kazini lilimpwaya shingoni. Na kwa kuwa chungu kilikuwa kimoja, Naliaka naye akapungua, mashavu yakarudi kama ya usichana wake. Nyumbani walifurahi kimya kimya. Stejini, pale matatu zinaposimama, watu hawakufurahi.

"Jamleck, mwili umeacha wapi?" akauliza Ephantus, fundi wa baiskeli, aliyeuliza kila mtu kila kitu.

"Umeenda."

"Umeenda wapi sasa?"

"Haukusema."

Wanaume wakacheka, kisha wakaacha kucheka wote kwa wakati mmoja. Miaka ile mtu hakukonda hivi hivi. Kukonda kulikuwa na maana moja, na maana hiyo haikutajwa kwa jina. Watu walisema "ule ugonjwa" wakatazama pembeni. Mutuini ilikuwa imezika vijana wa kutosha kujua njia ugonjwa huo unayopitia. Kwanza shingo ya shati. Halafu mashavu ya mke. Mwenye duka alianza kumrudishia Naliaka chenji kwa upole uliomtisha. Kanisani mama mmoja alimshika mkono akakataa kuuachilia.

"Jipe moyo, mama," akamwambia.

"Asante," Naliaka akasema, kwa sababu hakujua kingine cha kusema.

Kusema angeweza. Neno moja tu, presha, na Mutuini yote ingepumua. Lakini neno hilo lingevuka ua kabla hajafika nyumbani, na Jamleck alikuwa amemwomba jambo moja tu.

Ng'ambo ya ua Wanjira hakusema kitu. Alipika. Jioni moja alikuja na bakuli lake la udongo lililofunikwa sahani, ndani yake mukimo: viazi, mahindi, majani ya malenge, na mafuta ya kutosha kulainisha mlango.

"Ni ya Jamleck," akasema. "Nimesikia kwenu mnakula majani."

"Asante, Mama. Tunakula na ugali pia."

"Mluhya gani anapika ugali ndogo? Nilijua akikuoa, angalau huyu kijana hatalala njaa."

Hilo lilimchoma Naliaka, lakini alilipokea pamoja na bakuli. Mukimo wa mama mkwe haurudishwi. Aliuweka, na kesho mchana akauponda pamoja na mboga nyingi mpaka ukatosha watoto na kuku wakapata makombo. Na kwa kuwa bakuli la watu halirudi tupu, alilijaza managu na maharagwe ya malenge, akampeleka Cate.

Jioni bakuli likarudi na mukimo. Asubuhi likarudi na kunde. Likaendelea hivyo kuvuka ua. Wanjira hakusifu mboga hizo hata siku moja. Lakini Cate aliripoti kwamba nyanya yake, Cucu, hula akiwa amesimama, bakuli mkononi, kabla hata hajafunga mlango.

Hata hivyo mwanawe aliendelea kukonda, na Wanjira akafanya kile ambacho mama wa kanisa hufanya akishindwa na jiko. Alienda kwa akina mama wenzake wa kanisa.

Walikuja Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi wa nane, siku sita kabla ya Jamleck kupimwa tena. Walianzia wimbo getini, vitambaa kichwani, viondo mgongoni, Phoebe akiwa mbele. Phoebe alikuwa mwenyekiti wa akina mama na hivyo ndivyo alivyoitwa hata na mumewe. Wanjira alifuata nyuma kabisa bila kuimba. Waliingia, wakajaza viti na kitanda cha watoto, wakaweka zawadi mezani: sukari, mchele, unga wa chapati, na mkebe wa mafuta ya kupikia wa ukubwa ambao Naliaka alikuwa ameuona hotelini tu.

Phoebe aliomba. Aliomba muda mrefu.

"Bwana, wewe unajua jina ya huu ugonjwa. Sisi hatutauliza."

"Amina," wakasema, kwa masikitiko ya watu waliotamani sana kuuliza.

Naliaka alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kichwa chini, macho yakiwa kwenye mkebe. Aliwaza kwamba akisema kweli, atakuwa amemvunjia mumewe neno. Asiposema, wiki ijayo watakuja na blanketi. Kisha akafikiria kwamba wageni ni wageni, na kwamba sufuria ya Krismasi iko motoni. Akaanza kupakua.

Alikuwa anagawa vikombe vya supu wakati Jamleck alipoingia kutoka kazini, shati likimfuata nusu hatua nyuma. Akina mama wakasimama wote. Mmoja akaanza kulia polepole.

"Pole, Baba Cate," Phoebe akasema.

"Pole ya nini?"

Phoebe akatafuta. "Ya safari."

"Nimetoka tu hapo mjini," Jamleck akasema. Akaketi, kwa sababu nyumba ilikuwa yake, akapewa kikombe chake.

Wakala. Walikuwa wamekuja kufariji, na kufariji kunaleta njaa. Mwanzoni walichukua kwa ncha za vidole, kama watu wanaokula kwa mgonjwa. Kisha mmoja akauliza kama hiki kitamu kwa maharagwe ni nini, akaambiwa ni malenge. Mwingine akaomba aongezwe managu. Phoebe alisema ugali mweusi haujawahi kumpendeza, akachukua wa pili ili kuhakikisha.

"Lakini haina mafuta," akaongeza, akitazama mkebe. "Mama Cate, mgonjwa hanyimwi mafuta."

Naliaka akaongeza supu kwenye kikombe chake.

Wanjira hakuwa anakula. Alikuwa kwenye kona, akimtazama mwanawe. Jamleck alikula kama kawaida yake, akapumzika katikati kama alivyozoea siku hizi, akaendelea. Kiragu alipenya katikati ya magoti ya akina mama mpaka akafika goti lake. Jamleck akasukuma pembeni tonge na kipande cha nyama. Mtoto akanyoosha mkono.

Mkono wa Phoebe ukasimama hewani na ugali ndani yake. Chumba kizima kikatazama mtoto akila kwenye sahani ya baba yake, na hakuna aliyethubutu kusema walichokuwa wanafikiria wote.

"Muacheni akule," Wanjira akasema.

Wakamgeukia.

"Mimi nilimuuguza ndugu yangu Lazarus. Wote mnajua alikuwa mgonjwa wa nini, hata kama tulisema ni kifua. Lazarus alikuwa anabakisha sahani yote. Nilikuwa naosha nikimwaga. Na hakukubali mtoto aguse hata kijiko yake, angemfukuza na fimbo." Akanyoosha kidole kwenye sahani ya Jamleck. "Huyu amebakisha ya mtoto pekee yake. Na amempatia mwenyewe. Huyu si mgonjwa wa hiyo. Huyu ameshiba."

Kiragu alilamba vidole.

"Sasa niambie, Jamleck. Mtu anashiba hivi na anakonda, kuna kitu mnanificha. Mke ndiye nimeona anajua, na hasemi. Mimi hata nimemchukia kidogo."

Jamleck akamtazama Naliaka. Naliaka akatazama sufuria. Neno hilo hakutaka kumsaidia kulisema. Lilikuwa lake.

"Ni presha, Mama," Jamleck akasema. "Nimeambiwa nipunguze mwili, ama watanitoa kwa gari. Ijumaa napimwa."

"Presha!" Phoebe akapaza sauti, kwa furaha ambayo pengine ugonjwa huo haujawahi kupokelewa nayo. "Presha tu! Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!" wakaitikia wote, wengine wakipiga makofi, na aliyekuwa akilia akaomba aongezwe maharagwe.

Wanjira peke yake hakusifu. Alikaa chini polepole, mikono kwenye mapaja, akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Naliaka akamletea chai akaketi karibu naye, bega kwa bega. Kisha Wanjira akauliza kwa sauti ndogo:

"Na mukimo yangu?"

"Tulikuwa tunaichanganya na mboga, Mama. Watoto walikuwa wanakula mchana. Yeye hakuonja."

Wanjira akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akina mama walipoaga, alisimama, akachukua ule mkebe wa mafuta kutoka mezani akaukumbatia.

"Zawadi hairudi, Mama Jamleck," Phoebe akasema.

"Hii inarudi."

Ilirudi. Ilikwenda kukaa zizini, ambapo ilitumika kulainisha bawaba za lango la ng'ombe, na lango hilo halijapiga kelele tangu siku ile.

Ijumaa Naliaka alianza kupika mapema kuliko ilivyohitajika. Alichambua terere ambayo ilikuwa imechambuliwa. Kwa kawaida Jamleck alishuka stejini akaja kwa miguu, na hatua zake zilisikika kwanza kwenye mawe ya getini. Hakuwa mtu wa kutoa habari kwa simu. Simu aliamini ni ya kuuliza mtu yuko wapi. Kwa hivyo Naliaka angejua kwa kuzisikia hatua zake tu. Alikuwa ameshaamua kwamba, likitokea la kutokea, kofia ya geti ataifua yeye mwenyewe na kuinyoosha vizuri, asionekane kama mtu aliyeshushwa.

Wanjira alikuja akaketi jikoni bila kuitwa, bakuli lake limefunikwa magotini.

"Ni nini, Mama?"

"Mukimo. Nimepika kama yenu. Sikuweka mafuta."

"Vizuri."

"Na sikuweka kitunguu, juu kitunguu inataka mafuta. Na chumvi nimesikia si nzuri kwa presha. Hata viazi nimeweka moja."

Naliaka akainua kifuniko. Ilikuwa majani ya malenge yaliyochemshwa na kupondwa kwa nguvu ya mtu aliyekuwa na hofu, na mahindi machache yakichungulia.

"Vizuri sana," akasema.

Jua liliingia nyuma ya miti. Cate alimaliza hesabu zake za shule. Hatua hazikusikika. Wanjira alianza kuomba bila sauti, midomo tu, na Naliaka akageuza kitunguu ambacho hakikuhitaji kugeuzwa, akarusha maji, akageuza tena.

Ndipo honi ikalia getini. Si ya matatu, matatu zilikuwa mbali. Ilikuwa honi fupi, ya adabu, ya gari linalojua limefika kwa watu.

Cate alikimbia. Naliaka aliondoa sufuria motoni, akaifunika, akapangusa mikono kwa leso, kisha akapangusa tena, na ndipo akatoka. Gari la ofisi, jeupe, lilikuwa linaingia polepole katikati ya kuku, na Jamleck ndani yake, shingo imenyooka.

"Namchukua meneja alfajiri, anaenda uwanja wa ndege," akasema akishuka. "Wakaniambia nilale nayo."

"Daktari alipima?"

"Alipima."

"Akapuliza mara ya pili?"

"Akapuliza."

"Akasema?"

"Akasema mashine ni mzima. Niendelee tu hivyo hivyo."

Wanjira alilizunguka gari lote, akalipapasa kwenye taa kama anavyompapasa ng'ombe, akasema lina vumbi. Naliaka alisimama karibu na mumewe. Alimnyoosha kola, ambayo sasa ilimtosha watu wawili, na Jamleck akaiacha mikono yake pale shingoni kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyokuwa kawaida mbele ya mama yake.

Waliketi kula. Kwa heshima ya siku hiyo, mukimo wa Wanjira ndio uliowekwa katikati ya sahani ya Jamleck, ukasimama wima, kijani kilichokolea. Supu ilishanywewa. Jamleck alionja. Akatafuna kwa muda mrefu, uso wake ukiwa ule ule aliokuwa nao daktari alipokuwa akiandika.

"Iko aje?" mama yake akauliza.

"Imeshika, Mama."

Akala. Hakupumzika katikati, pengine aliogopa kwamba akisimama hataendelea. Mwishowe akasukuma pembeni tonge la kijani, akaweka kipande cha nyama juu yake kama ilivyotakiwa, akalisogeza kwa mwanawe.

Kiragu akachukua nyama. Akalamba tonge mara moja. Akalitazama, akamtazama baba yake, akalirudisha kwenye sahani na kuisukuma sahani kwa mikono miwili mpaka ikagusa tumbo la Jamleck.

"Mume wangu," Wanjira akasema, "hata wewe?"

Cate aliziba mdomo. Naliaka aliinuka kwenda kuangalia kitu jikoni. Jamleck alitazama tonge, akamtazama mama yake aliyekuwa anamtazama, akalichukua akalila. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu awe na watoto, akafuta sahani.